Kona ya Pazia Aliyoshika Mama

Mpendwa baba,

Neno la kwanza nimeliandika kwa mazoea. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua, kwenye meza ya studio yako kule Muyinga, ukasema barua isiyoanza na "mpendwa" imeandikwa na mtu asiye na adabu. Basi nimeanza na adabu. Nyingine usiitafute humu.

Picha uliyotuma Jumamosi niliipata. Nilikuwa kazini hapa Gitega, nimeshika vyeti vya mteja, simu ikatetemeka na jina lako likatokea, jina ninaloliona mara mbili kwa mwaka: Noeli, na unapohitaji kitu. Uliandika: "Binti yangu, nimepata picha ya marehemu. Imelala kidogo, huku Giteranyi wameiskani vibaya. We unajua kompyuta, inyooshe tuiweke kwenye bango siku ya kuganduka."

Nataka ujue nilivyoupokea ujumbe huo kabla sijaifungua picha. Niliviweka chini vile vyeti. Nikamwomba mteja anisubiri, nikatoka nje, nikasimama kwenye jua na simu kifuani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mwezi ujao tunaganduka, tunavua msiba wa mama huko Itaba, nyumbani kwa kaka yake, mjomba Salvator, na bango lake lilikuwa bado halina uso. Tulikuwa na picha moja tu, ile ya kitambulisho, ambayo mhuri umepita katikati ya mdomo wake. Mjomba alikuwa ameshakubali tuitumie hiyo. Mimi nilikataa, lakini sikuwa na nyingine ya kumpa. Kisha wewe, uliyempiga picha kila mtu wa Muyinga isipokuwa mkeo, ukaniambia umepata. Kwa dakika moja nzima, baba, nilikupenda tena. Dakika hiyo ndiyo nisiyoweza kukusamehe.

Hujawahi kuniuliza ninafanya kazi gani, kwa hiyo nitakueleza. Chuo kikuu nilisoma historia. Sasa niko kwenye sekretariati, duka la kuchapa, kupiga fotokopi na kuskani, hatua chache kutoka sokoni. Mwenye duka ni Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira. Watu wananiletea picha za harusi, za ubatizo, za babu zao waliovaa koti la kuazima. Nyingi zimeshaskaniwa mahali pengine na mtu mwenye haraka, aliyeitupa picha kwenye kioo bila kuilinganisha na ukingo. Kazi yangu ni kuzinyoosha.

Katika programu ya kuhariri picha kuna kifaa ambacho unavuta nacho mstari juu ya kitu unachoamini kiko sawa: ukingo wa meza, sakafu, fremu ya mlango. Programu haina maoni yake. Inaamini unachoamini wewe, inaizungusha picha nzima mpaka mstari wako utulie, na kwenye pembe zote nne zinabaki kabari nyeupe, kwa hiyo inabidi ukate kingo. Hakuna picha inayonyooshwa bila kupoteza kitu pembeni. Na kama ulichagua mstari wa uongo, unapoteza kitu hicho bure, na picha inabaki imepinda.

Nilipoanza kazi hii sikujua kwamba siku moja ningekupima wewe kwa kifaa hicho.

Uliiita studio. Ilikuwa ua wa nyuma wa nyumba ya kupanga, wenye ukuta wa matofali ya udongo usioshika msumari. Tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, wewe na kamera uliyojifunzia huko, mama na mimi na mikeka. Ulinunua pazia la bluu. Kona yake moja ya juu uliifunga kwenye chuma cha dirisha. Kona ya pili ilihitaji mti. Muyinga imejaa mikaratusi, baba. Mti mmoja, shimo moja, asubuhi moja ya kazi. Kwa miaka saba hukuipata asubuhi hiyo. Kona ya pili aliishika mama.

Ulikuwa na maelezo, kama kawaida yako. Uliwaambia wateja kwamba mti hauwezi kulifuata jua, mtu anaweza. Walicheka, wakakuona fundi. Mama alisimama pembeni, nje ya picha, mkono mmoja juu, na wewe ukaweka jicho kwenye kamera ukaanza.

"Mama Inesi, unainamisha. Pandisha."

Alipandisha.

"Pandisha, nimesema. Hivi huoni?" Kisha ukamgeukia mteja: "Huyu anafikiri anaanika nguo."

Mteja alicheka tena, maana mtu anayesubiri kupigwa picha hucheka chochote. Mama alisema "Nisamehe," akapandisha mkono mpaka bega likamgusa sikio. Nilikuwa na miaka saba, kisha tisa, kisha kumi na mmoja, nimekaa kwenye ngazi na daftari la shule, na nilikuamini. Usidhani nakuficha hilo. Niliamini kwamba mama yangu, aliyelima, aliyeshona, aliyebeba maji kilima kizima bila kumwaga, hajui kushika kitambaa.

Halafu ile picha ya thelathini na saba. Filamu iliandikwa thelathini na sita, lakini ukiifunga kwa uangalifu mwanzoni ilitoa moja zaidi mwishoni, na hiyo ulimwahidi mama. "Ya mwisho ni yako," ulimwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa kiwanja. Siku filamu ilipokaribia kuisha, asubuhi alijipaka mafuta usoni na kuvaa kitenge cha kwendea kanisani, bila kusema kwa nini, kisha akaenda kushika pazia. Nilizijua siku hizo kwa harufu ya yale mafuta. Na kila mara alitokea mwingine. Mwalimu aliyepita kusalimia. Binti wa jirani, ambaye ulisema ana shingo. Siku moja uliipiga pikipiki. Pikipiki ya mtu, imeoshwa vizuri, imeegeshwa kwenye kivuli, na ukasema mwanga unaipenda. Mama alikunja pazia, akavua kitenge, akaenda kuchambua maharage. Wewe ulipiga mluzi.

Sasa nikueleze nilivyokupima. Mwaka jana, wiki chache baada ya kumzika, alikuja dukani mwanamke aliyehamia Gitega kutoka Muyinga, na picha mbili za ubatizo wa mtoto wake. Pazia la bluu nililijua kabla hajaziweka mezani. Kisha, pembeni kabisa, juu kushoto, nikaona vidole vinne vimekunja kona ya kitambaa. Kidole cha shahada kilikuwa na lile kovu la kisu cha mihogo. Nilikuwa nimekiosha kidole hicho mwezi mmoja kabla, siku ya kumwandaa.

Niliziskani mwenyewe. Nililinganisha kila picha na ukingo wa kioo mara tatu, ili nisimsingizie mtu. Kwenye picha ya kwanza pazia lilikuwa limeinama, upande wa mama chini. Nikavuta mstari juu ya upindo wake: digrii mbili. Nikasema moyoni, maskini mama, kweli alikuwa anainamisha. Kisha, kwa mazoea ya kazi tu, nikavuta mstari kwenye safu ya matofali iliyoonekana juu ya pazia. Digrii mbili. Nikavuta kwenye kizingiti cha dirisha. Digrii mbili. Kwenye kigoda alichokalia mama wa mtoto. Digrii mbili, upande uleule. Pazia lilikuwa sawa na kigoda, kigoda sawa na matofali, na nyumba nzima sawa na dunia. Kilichokuwa kimeinama ni kamera. Ulikuwa mkono wako.

Picha ya pili ndiyo iliyonifanya niondoke kwenye kiti. Humo pazia halikuinama hata kidogo. Upindo wake ulikwenda sambamba na ukingo wa picha kama uliochorwa kwa rula. Lakini matofali yalikuwa palepale, digrii mbili, na kigoda vilevile. Ulikuwa umeshamwambia apandishe. Picha ya kwanza ni mama alivyoshika mwenyewe, sawasawa. Picha ya pili ni baada ya wewe kumkaripia. Ulimpindisha mpaka akafanana na wewe, ukaita hiyo kunyooka.

Nilimuuliza yule mwanamke kama anaikumbuka siku hiyo. Aliikumbuka vizuri.

"Mzee yule alikuwa na maneno," akasema. "Alimwambia mke wake anaanika nguo. Tulicheka, weee."

Aliniomba nitoe vile vidole, vinaharibu. Nikamwambia programu haiwezi. Ulikuwa uongo, inaweza kwa dakika mbili. Tangu siku hiyo, kila picha ya zamani inayofika dukani kutoka Muyinga huwa naigeuza nione pembeni juu kushoto, na vidole vikiwapo nawaomba wenyewe ruhusa ya kuskani kona hiyo tu. Nina kona ishirini na moja. Wewe una nini chake?

Kisha zikaja simu zenye kamera, studio ikafa, na wewe ukaenda Giteranyi kwenye biashara ya baiskeli zinazovuka mpaka. Huko ukampata mwenzio ambaye, nasikia, humchoki kumpiga picha. Mama na mimi tukaja Gitega. Hakukusema vibaya hata mara moja. Kazi hiyo kaniachia mimi, na naifanya kwa bidii. Kila nilipoinua simu nimpige picha yeye, alisogea pembeni, akasema, "Piga hao," akatafuta kitu cha kushika: mwavuli wa mtu, mtoto wa mtu, mlango usigonge. Hata pale mlipokuwa mmeachana alibaki mahali ulipomweka.

Kwa hiyo nilirudi ndani ya duka, nikaifungua picha yako kwenye kompyuta, kioo kizima, ili nimwone mama.

Nilikuona wewe. Umesimama katikati, mkoba mtupu wa kamera shingoni, mkono kiunoni, umeegemea upande wa kulia kama mtu anayesubiri kupongezwa. Nyuma yako pazia. Huenda mteja ndiye aliyebonyeza, na wewe ukamwekea kamera mikononi ukamwambia asiisogeze, maana picha imeinama kama zako zote. Nilikutazama muda mrefu, nikidhani umekosea umetuma nyingine. Kisha nikamwona. Kushoto, ukingoni kabisa: mkono ulioinuliwa, nusu ya kitenge cha kanisani, na nusu ya uso. Jicho moja linakutazama wewe. Hiyo ndiyo uliyoiita picha ya marehemu. Ni picha yako, na yeye ndani yake amefanya kazi.

Na kitenge kile nakijua. Kilikuwa cha siku za picha ya mwisho. Kwa hiyo hii ndiyo thelathini na saba yake, na uliichukua wewe.

Nilipokuwa bado naitazama, ukatuma ujumbe wa sauti. Mama Furaha naye alisikia, maana simu yangu ina sauti kubwa. "Mimi siku ile nilisimama vizuri," ulisema. "Shika mimi kama mstari. Ukininyoosha mimi, na picha yote itanyooka. Halafu chini uandike na jina langu, mume wake. Hotuba nitatoa mimi, nimeshaongea na mjomba wako." Mjomba aliniambia baadaye kwamba alikubali kwa ajili ya amani. Mjomba ni mtu mwema. Watu wema wamekulinda maisha yako yote.

Nilikutii, ujue. Nilivuta mstari kutoka unyayo wako mpaka kipaji cha uso. Picha ikazunguka, ukasimama wima, mzuri, fundi wa kweli. Dunia nzima nyuma yako ikaanguka upande mmoja. Kisha programu ikakata kabari nyeupe, na ilipokata kushoto juu ikaondoka na uso wa mama. Ulibaki mkono tu, umeshika kitambaa.

Mama Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Baba iko sawa sasa," akasema. "Na ule mama, umemuweka wapi?"

Nilirudisha picha ilivyokuwa.

Nisikufiche jambo moja, kwa sababu wewe ungelificha. Miezi michache iliyopita nilikuwa nawapiga wateja picha za kitambulisho kwa simu, na Mama Furaha akaniambia, "We, kila mutu wako analala kushoto." Nikakasirika. Siku hiyohiyo nilimwambia mzee mmoja wa Gishubi akae sawa, akae sawa jamani, na yule mzee akasogeza bega lake na kusema "Nisamehe, binti yangu." Nikasikia sauti yako inatoka kinywani mwangu. Jioni nilizipima zote. Digrii mbili. Nimeurithi mkono wako, kama nilivyorithi paji lako la uso. Kesho yake nilichukua ubao na misumari miwili, nikatengeneza mahali pa kuegemezea simu ukutani. Ilinichukua asubuhi moja. Unaona, baba? Asubuhi moja.

Kwa hiyo sababu ya kukudharau si mkono uliopinda. Mkono uliopinda hata mimi ninao. Nakudharau kwa sababu mbele yako alisimama mtu aliyenyooka, mwaka baada ya mwaka, ungeweza kumtumia kama kipimo, na wewe ukamfanya kichekesho cha wateja.

Bango nimeshalimaliza. Mstari niliuvuta juu ya upindo wa pazia, kutoka kwenye chuma cha dirisha mpaka kwenye kidole chenye kovu. Siku hiyo alikuwa ameshika sawa na matofali. Labda, kwa kuwa mpigaji hakuwa wewe, hakuna aliyemkaripia. Picha ilizunguka upande wa pili. Programu ikakata chini kushoto, miguu yake ikapotea, lakini uso ukabaki, nusu ileile aliyoachiwa. Wewe ukalala upande kama mlevi. Hapo programu ilikuwa imemaliza kazi yake. Wewe nilikukata mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, na sitaisingizia kompyuta, wala jua, wala mtu aliyesimama pembeni. Nimekuachia kiwiko. Kinaonekana ukingoni kulia, ukitazama kwa makini. Mtu akiuliza ni cha nani, nitasema hakikuzuilika.

Jicho moja, nusu ya mdomo, mkono juu. Nimemtumia mjomba. Alipiga simu akasema, "Ni yeye kabisa." Jina ni lake peke yake.

Njoo Itaba. Nasema kweli, njoo, sitaki usikie kwa watu. Mjomba ameshakubali nipange mambo ya bango, na kuhusu hotuba nimeongea naye upya, atatoa yeye. Wewe nimekutafutia kazi nyingine. Bango ni la kitambaa, ni refu, na ukuta wa mjomba ni wa matofali ya udongo, nimeujaribu, hauliwezi. Mti wa kulifungia upo, mjomba ana mikaratusi mpaka bondeni. Nimemwambia asiukate. Kona moja tutaifunga kwenye chuma cha dirisha. Kona ya pili utaishika wewe, umesimama pembeni, mkono juu, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka mtu wa mwisho amalize kusema habari za mama. Watu watapiga picha, wana simu. Ukibahatika, vidole vyako vitatokea.

Mimi nitakaa mbele, mahali ninapoweza kuuona upindo wote. Nitakuambia ukiinamisha.

Nakuaga kwa sasa, na usichelewe.

Binti wa aliyeshika pazia